Mate yanamtoka mtoto kama bomba limefunguliwa: ni meno, ni ugonjwa, au ni nini?

Swali: "Habari sista. Huyu ni mtoto wangu wa kwanza, kijana wa miezi minne na nusu, tunaishi Pipeline hapa Nairobi. Tangu afike miezi mitatu mate yanamtoka mpaka kifua kinalowa, bibu sijui nabadilisha ngapi kwa siku. Shingo imekuwa nyekundu kwa mikunjo na inanuka. Mama mkwe amekuja kutoka ushago anasema ni juu nikiwa na mimba nilitamani samaki sikula, ati nimlambishe samaki yataisha. Jirani anasema ni meno ya plastiki, kuna mzee anayatoa. Kemisti naye ameniuzia jeli ya kupaka ufizi. Na baridi ya Julai hii naogopa nimonia. Ananyonya vizuri, analala, anacheka. Nifanye nini?"

Mama, karibu, na pole kwa kufua. Hiyo sentensi umeweka mwisho ni kama umekumbuka ukiwa mlangoni, kwamba ananyonya, analala, anacheka, mimi ndiyo nimeshikilia. Nimekuwa nesi wa watoto hapa Nairobi miaka mingi, na mama akinijia na shida ya mate sianzi kwa kuuliza ni mengi kiasi gani, nauliza, je, anameza? Mtoto anayemeza ziwa vizuri halafu anabaki akilowesha bibu ni mtoto mzima. Mtoto ambaye jana alikuwa anameza na leo hamezi, huyo hata kama mate ni kidogo tu, nataka kumwona haraka. Weka hiyo kwa akili, ntarudi hapo.

Kabla ya kueleza chochote, mambo mawili. Jeli usimpake tena. Na kwa huyo mzee usiende, hata kama ni kuuliza tu.

Sasa mate yenyewe. Wiki za kwanza hukuona bibu ikilowa kwa sababu tezi za mate za kichanga hazifanyi kazi sana. Ziko jozi tatu kubwa, moja iko mbele ya masikio, moja chini ya taya, moja chini ya ulimi, na kuanzia miezi miwili, mitatu hivi ndio zinaamka na kuanza kumwaga kwa wingi. Mate yamekuja lakini kazi ya kuyameza bado hajaizoea. Kumeza maziwa alizaliwa akijua, ziwa likiingia mdomoni ananyonya, anameza, anapumua, vyote vinafuatana bila yeye kufikiria, ila kumeza mate yanayojikusanya polepole wakati hanyonyi ni ujuzi mwingine kabisa na unakuja pole pole. Mimi na wewe tunatengeneza kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kila siku na hakuna mtu anaona hata tone, tunameza tu mchana kutwa bila kujua. Mtoto wako hana meno ya mbele ya kuzuia, midomo inakaa wazi, shingo ndio kwanza imeanza kushika, na juu ya hayo yote kila kitu kinaenda mdomoni, ngumi, kona ya blanketi, mkanda wa mkoba wako, na kila kinachoingia mdomoni tezi zinakichukulia kama chakula. Kuna kitu kingine utakiona ukimwangalia vizuri: akikazia macho kitu, tuseme funguo zako anajaribu kuzishika, mdomo unafunguka na mate yanashuka kamba nzima. Akili yote iko kwa funguo, ya kumeza haijabaki.

Na hayo mate yana kazi, si uchafu. Yanaosha ufizi, yanapunguza bakteria mdomoni, na yana kimeng'enya cha kuvunja wanga ambacho utakishukuru siku ya kumpa uji wa kwanza. Kwa hivyo kuyazuia hatutaki hata kama tungeweza. Yatazidi hivi hadi karibu miezi sita, alafu yatakuwa yanapanda na kushuka kila jino likija, na watoto wengi wanakauka kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili. Najua hiyo ni mbali ukiwa na beseni la bibu mbele yako.

Je, ni meno? Inaweza kuwa, lakini usiweke pesa hapo. Jino la kwanza kwa kawaida huja karibu na miezi sita, kuna watoto wanalipata na miezi minne na kuna wengine wanafika mwaka ufizi ukiwa mtupu na hawana shida yoyote. Mate ya mtoto wako yalianza na miezi mitatu, na jino laweza kuja na miezi minane. Ukitaka kujua, nawa mikono, pitisha kidole juu ya ufizi wa chini mbele, ukihisi kitu kigumu kimeinuka au ukiona umevimba na yeye anang'ata kila kitu, basi yako njiani. Akiwa anaumia, msugue ufizi kwa hicho kidole dakika moja mbili, au chukua kitambaa safi kilicholowa maji yaliyochemshwa, kiweke kwa friji kipate baridi, umpe ang'ate ukiwa umekaa naye. Kidude cha kung'ata nacho kiwe baridi tu, kisigande kuwa barafu, barafu inachoma ufizi. Karoti mbichi hapana kabisa, mtoto anaweza kukata kipande kikamkaba.

Hapa lazima niseme kitu juu nimekiona kikiumiza watoto. Meno hayaleti homa kali. Yanaweza kumfanya awe na joto kidogo na asumbue, lakini kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, tafuta sababu nyingine. Hayaleti kuhara pia. Watu wanasema hivyo kwa sababu vitu hivi vinakuja pamoja: kuanzia miezi sita hivi ile kinga aliyotoka nayo tumboni kwako imepungua, ameanza chakula, anatambaa, anaokota kila kitu anaweka mdomoni, lazima atapata vijidudu, na meno yanakuja wakati uo huo. Basi meno yanabeba lawama na mtoto anakauka maji mwilini nyumbani, mama akingoja jino litoke. Akihara, ni kumnyonyesha zaidi, kumpa ORS, ile poda ya kuchanganya na maji ya kurudisha maji mwilini, na zinki kutoka kliniki, hata kama jino unaliona kwa macho.

Kuhusu samaki. Mama mkwe wako hajatunga hiyo stori, nimeisikia kutoka kila kona ya hii nchi, kwa wengine ni maini, kwa wengine nyama ya kuchoma, ati ulichotamani ukanyimwa mtoto anakililia kwa mate. Ila nimehudumia kina mama waliokula kila kitu walichotamani kwa hiyo miezi tisa na watoto wao walikuja kliniki na kifua kimelowa vile vile. Shida yangu na kulambisha ni kwamba ana miezi minne na nusu, hadi miezi sita kamili tumbo lake linataka maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, na samaki ana mwiba, ana chumvi, na mikono iliyomshika sokoni huijui. Mate pia hayamaanishi ana njaa au yuko tayari kula. Wengi wanaanza uji mapema kwa sababu hiyo tu, wanamwona anatafuna ngumi na mate yanatiririka wanasema huyu anataka chakula. Asiyeshiba maziwa utamjua kwa uzito usiopanda kwa ule mchoro wa kitabu cha kliniki.

Meno ya plastiki. Nikae hapa kidogo.

Hayo meno hayapo. Kinachoonekana ni uvimbe mweupe mweupe kwa ufizi, pale pembeni ambapo chonge litakuja, na chonge ni jino kubwa, likiwa bado ndani linainua ufizi kwa kila mtoto, wako na wa jirani. Mtoto akiwa na homa au kuhara au mate mengi, mtu anaangalia mdomoni anaona hiyo nundu anasema ndiyo hii. Wanaichimbua kwa kisu, kwa spoki ya baiskeli, kwa kucha, bila ganzi, na kinachotoka ni laini, cheupe, kinafanana na plastiki au funza, mama anaamini kweli kilikuwa kitu kibaya. Mama, hilo ni jino la mtoto wako, jino halisi, halijapata wakati wa kuwa gumu. Mtoto wa miezi minne hana damu nyingi ya kupoteza. Nimeona waliokuja wamepauka kwa kutoka damu, nimeona kidonda kilichooza hadi vijidudu vikaingia kwa damu, na hicho chuma kimepita kwa midomo ya watoto wangapi kabla ya wako, pepopunda na Ukimwi vinaweza kupita hapo. Waliopona wanarudi wakiwa na miaka kumi na chonge la ukubwani limetoka limepinda au halikutoka kabisa, kwa sababu mbegu yake ilikuwa karibu na ile iliyochimbuliwa. Jirani yako hana nia mbaya, pengine alifanyiwa hivyo mtoto wake na akapona ile homa ambayo ingeisha yenyewe. Mwambie tu umemwona nesi na amesema hapana. Na ukijua mama mwingine hapo kwa ploti anapanga kwenda, tafadhali mwambie pia.

Jeli: nyingi ya zile za ufizi zina dawa ya ganzi inaitwa benzokeini. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza zisitumike kwa watoto chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kubadilisha damu ikashindwa kubeba oksijeni, mtoto anakuwa wa bluu midomoni na anahema, na inaweza kutokea hata mara ya kwanza kupaka. Soma pakiti yako. Hata ikiwa ina ganzi nyingine badala ya hiyo, fikiria vile mtoto wa mate mengi atakaa nayo, dakika mbili imeoshwa imeenda tumboni au, mbaya zaidi, imefanya koo likafa ganzi na sasa kumeza, ambayo ndiyo anajifunza, inakuwa ngumu zaidi. Na dawa za maji za meno zinazouzwa bila kueleweka zinatoka wapi usiguse. Nijeria mwaka 2008 dawa ya maji ya meno ya watoto ilichanganywa na kemikali ya viwandani na zaidi ya watoto 80 walikufa kwa figo kuharibika. Akiumia kweli, parasetamoli ya watoto inatosha, kwa kipimo cha uzito wake, na hicho kipimo akupe nesi au daktari akiwa amempima.

Sasa shingo, ambayo kwangu ndiyo kazi ya wiki hii.

Ngozi ikikaa na maji inalainika, ikilainika ikisuguana na kola au na mkunjo wa pili inachubuka, na kwa shingo nene ya mtoto wa miezi minne mate yanakutana na maziwa yaliyoshuka wakati wa kunyonya, yanaganda huko ndani hakuna hewa, ndiyo hiyo harufu. Asubuhi na jioni mlaze chali, mwinue mabega kidogo na mkono wako ili shingo ifunguke, pitisha kitambaa laini na maji ya uvuguvugu peke yake kwa kila mkunjo, bila sabuni ya harufu, bila waipsi zenye manukato. Alafu ukaushe kwa kugusa gusa, usisugue. Kukausha ndiyo dawa yenyewe, wengi wanaosha vizuri wanasahau hapa. Mwache dakika tano shingo ikiwa wazi, hata kama ni Julai, funga dirisha umfunike kifua. Ikikauka kabisa, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, safu nyembamba, kwa shingo, kidevu na mashavu, kabla ya kunyonya na kabla ya kulala, ili mate yakija yateleze juu ya mafuta yasifike kwa ngozi. Ile krimu ya zinki ya pampasi pia inafaa kidevuni na kifuani, lakini iwe mbali na mdomo. Pauda tupa. Ikikutana na mate inakuwa uji unaokwaruza, na ile vumbi yake mtoto anaivuta kwa mapafu.

Ikiwa huko ndani ya mikunjo ni nyekundu ya kung'aa, mbichi, na kuna vipele vidogo vidogo pembeni vimetawanyika, hiyo imeshakuwa fangasi na mafuta ya mgando hayataiondoa, inataka krimu ya fangasi. Kwa vile umesema inanuka, ningetaka aonekane kliniki siku hizi mbili tatu, usinunue tu krimu kwa sababu ya maelezo yangu, kuna krimu za kemisti zina steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe na wekundu, na kwa ngozi ya mtoto mdogo zinaleta shida mpya. Mwangalie na mdomoni pia, utando mweupe kwa ulimi na mashavu ambao hautoki ukipangusa ni fangasi hiyo hiyo, na chuchu zako zikiwa zinauma mtatibiwa wote wawili. Ukiona maganda ya rangi ya asali au usaha, hiyo ni bakteria, nenda siku hiyo hiyo.

Bibu ziwe za pamba mbele na nyuma ziwe na kitu kinachozuia maji yasifike kwa nguo, za plastiki tupu zinafungia maji shingoni. Badilisha ikilowa, usingoje ianze kudondosha. Na akilala, bibu itoke, kila mara, hata usingizi wa mchana wa dakika ishirini, kamba ya shingo kwa mtoto anayejigeuza si kitu cha kuacha. Vile vile usimwekee shanga au mkufu wa kung'ata shingoni, hata kama umeambiwa ni wa meno.

Nimonia. Naelewa hiyo hofu, hapa Nairobi ikifika Juni kila mama anaifikiria. Nimonia inaletwa na vijidudu vinavyoingia kwa mapafu, kifua kulowa kwa mate hakuileti. Nguo iliyolowa inamfanya ahisi baridi na asilale vizuri, kwa hivyo badilisha, mvalishe fulana ya pamba ndani ndiyo ibadilishwe mara kwa mara, sweta ibaki kavu juu. Usimrundikie nguo tano na marvini na shali ndani ya nyumba, akitoa jasho shingo inazidi kuharibika. Kinachomlinda na nimonia ni zile chanjo za wiki 6, 10 na 14, kunyonya, na kumtoa kwa moshi wa jiko la makaa. Ukitaka kujua kama ana shida ya kifua, mwangalie akiwa ametulia, fungua nguo, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa umri wake, 50 au zaidi ni nyingi, na kama sehemu ya chini ya mbavu inazama ndani akivuta hewa, usingoje kuche.

Narudi kwa ile ya kumeza. Kuna mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi kumi, mate yalikuwa yanamtoka siku ya pili sasa, na kila mtu kwa nyumba alikuwa amesema ni meno. Nilimuuliza ananyonya? Akasema analia akishikishwa ziwa, anavuta mara mbili anaachilia. Eksirei ilionyesha sarafu imekaa kwa umio, ile njia ya chakula kwenda tumboni. Ilitolewa, mtoto akapona, lakini ingekuwa ile betri ndogo bapa ya rimoti au ya mdoli hatungekuwa na hizo siku mbili, betri ikikwama inaanza kuchoma nyama ndani ya saa mbili. Kwa hivyo mate yaliyoanza ghafla, na mtoto anakataa kunyonya au kula, au anakohoa na kukabwa, au sauti imebadilika, au akivuta hewa kuna mlio, au ana homa kali na anakataa kulala chali anataka kukaa ameinama, kidevu kimetokeza mbele, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, usimpe kitu mdomoni na usiingize kidole kutafuta. Hivyo hivyo ukishuku amekunywa mafuta ya taa, bleach, dawa ya mende au ya shamba, usimtapishe, beba chupa yake. Ukiona vidonda au malengelenge mdomoni na homa, hiyo ni virusi, kinachotusumbua hapo ni maji tu, ukiona pampasi imekaa saa sita ikiwa kavu mpeleke.

Watoto wakubwa ni swali lingine na si la kwako leo, lakini kwa mama mwingine atakayesoma: mwenye miaka miwili na zaidi anayelowa na anakoroma na kulala mdomo wazi, aangaliwe nyama za pua. Anayelowa sana na pia alichelewa kushika shingo au kukaa, au mwili ni mlegevu sana au umekaza, asiambiwe angoje, apelekwe kwa daktari wa watoto na kwa fiziotherapia mapema, na kumeza kunaweza kufundishwa. Baada ya miaka minne mate ya mchana si kawaida tena.

Kwa mama mkwe, usimgombeze. Mwonyeshe vile shingo inafunguliwa na kukaushwa, mwachie hiyo kazi ya jioni, hao wana mikono ya subira kuliko sisi, na mwambie samaki tumempangia, akifika miezi sita atakula aliyechemshwa na kuondolewa miiba, na yeye ndiye atamlisha mara ya kwanza. Ukienda kliniki kwa ajili ya shingo, beba kitabu, wampime uzito, na ile jeli pia ibebe waione.